Nyekundu Mbele

Ukimtafuta Fuad Gharib Mji wa Kale, huna haja ya kuuliza mtu. Simama kichochoro chochote jua likishaanza kutua, ngoja taa ya duka imulike, na pikipiki itakayowaka kama jukwaa la bibi harusi ndiyo yake. Tangi, vyuma, hata ukingo wa kiti: kote utepe wa kung'aa, umekatwa maua na nyota. Hiyo ni kazi ya mamake, Bi Maisara, mshonaji kofia, mwanamke asiyeweza kuona mahali patupu akapaacha na raha zake.

Babake Fuad aligongwa na lori Makupa, kwenye njia ya kutoka kisiwani kwenda bara, akiwa juu ya pikipiki, na dereva akaapa kwamba hakumwona. Kwa hiyo mwana aliponunua yake, Bi Maisara alikwenda mwenyewe dukani kwa Huzefa, muuza vyuma, akarudi na mikunjo ya utepe. Huzefa alimweleza vizuri: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, ili mwenye gari ajue chombo chaja au chaenda. Bi Maisara alimsikiliza kwa adabu, kisha akafika nyumbani akafanya yake.

"Hatari yatoka mbele," alisema, akibandika nyekundu kuzunguka taa. "Na nyekundu ndiyo ya kuonya. Huzefa ajua misumari."

Kila kipande alikisomea dua na kukipulizia kabla ya kukibandika. Hapo ndipo Fuad alipofungwa, ingawa siku hiyo alidhani amepambiwa tu. Utepe uliosomewa haubanduliwi ukatupwa jaani pamoja na maganda ya viazi.

Stejini wanapongojea abiria, Kioko, mwendesha pikipiki mwenzake, hakumpa nafasi ya kupumua. "Ndugu yangu, siku moja nitakupungia mkono wa kwaheri, kumbe ndiyo unafika!"

Walicheka wote, na Fuad akacheka nao, mpaka jioni moja pale Makupa, dereva wa lori alipoona nyekundu mbele yake, akadhani ni mtu anayekwenda naye njia moja, akatanua ampite. Fuad alijitupa kando akala vumbi. Nyumbani alisema ameteleza. Tangu hapo, magharibi ikikaribia, alikuwa akirudi bandani kama kuku, na abiria wa jioni wakachukuliwa na wenziwe.

Ndipo Wendy, wakala wa mizigo bandarini Kilindini, alipotafuta mtu wa kupeleka makaratasi yake bara, kazi ya kila siku, alasiri hadi usiku uingie. Aliizunguka pikipiki mara moja tu.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Mamangu."

"Mlikosana?"

"Hapana, madam. Anipenda."

"Basi angekuchukia kidogo. Kesho uje imerekebishwa, la sivyo namchukua Kioko."

Asubuhi Fuad aliketi miguuni pa mamake, akamwambia yote, hata lile vumbi la Makupa. Bi Maisara aliweka kofia chini.

"Basi usivuke Makupa."

"Mama, kazi yenyewe ni kuvuka."

"Fanya kazi humu humu kisiwani."

"Humu nazunguka kama nzi kwenye chupa! Niruhusu nibandike nyeupe juu ya nyekundu, basi."

"Uifunike dua? Itavuta pumzi wapi?"

Amwambie kwamba dua haina mapafu? Akaleta maji moto na kisu butu, akaanza kubandua. Aliogopa kumtazama. Ua la kwanza liliposhuka, aliona mkono umenyooshwa mbele yake, kiganja wazi. Akaliweka. Akaweka na la pili. Bi Maisara alivipokea vipande vyote, na uso wake ulikuwa ule wa siku walipoletewa maiti ya mzee.

Fuad alipomaliza kubandika upya, nyeupe mbele, nyekundu nyuma, mamake alikuwa amekwisha kulichukua jaketi zito la mwanawe. Mgongo mzima umejaa maua yale yale mekundu, na si kwa gundi: yameshonwa kwa sindano ya kofia, tundu kwa tundu, uzi maradufu.

"Haya," alisema, akimvisha na kumfunga zipu hadi kidevuni. "Pikipiki waweza kuiacha nje. Hili usilivue mpaka unirudie. Niapie."

Fuad aliapa. Angefanyaje?

Kilindini, Wendy aliikagua pikipiki akaridhika. "Kazi ni yako. Ingia ndani tuzungumze. Feni imeharibika, lakini keti." Alimtazama alivyokuwa akichuruzika jasho. "Vua jaketi, bwana, utazimia!"

"Siwezi, madam."

"Huwezi vipi? Zipu imekwama?"

"Zipu ni nzima," alisema Fuad, akaketi, akaomba maji.