Darubini Iliyokaa kwenye Uso wa Sally

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha sufuria kinagongagonga gizani. Chai inachemka. Wilkista Wekoye anaiendea kwa kupapasa asimwamshe bintiye, lakini amechelewa. Sally, mwenye miaka mitano, ameshaketi kitandani na viatu vya mvua miguuni.

"Leo ni mimi wa kwanza, si ndio?"

"Ni wewe, mama. Kunywa chai kwanza."

Wilkista, 28, hutembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege kwenye kinamasi cha Saiwa, nje ya mji wa Kitale. Siku yenye wageni hupata shilingi mia nne, na wiki nyingine hapati mgeni hata mmoja. Jumamosi huwapeleka watoto wa chekechea ya jirani, bila malipo.

"Hawa ndio watalinda hiki kinamasi mimi nikizeeka," anasema.

Mapema mwaka huu wa 2006 aliazima darubini ya mgeni, ya macho mawili, nzito kama tofali, akawapokeza watoto mmoja mmoja huku korongo taji akidonoa kando ya matete. Kila aliyeiinua alisema, "Naona, mwalimu!"

"Nilifurahi kweli," Wilkista anakumbuka. "Halafu nikauliza, chini ya kidevu ana nini? Mmoja akajaribu bahati: 'Ana ndevu!'"

Anacheka mpaka anashika kiuno; kilicho pale ni kifuko chekundu cha ngozi. Alipoijaribu usoni mwa Sally ndipo alipoelewa. Macho ya mtoto yamekaribiana, na darubini ile hata ikikunjwa mpaka mwisho ilibaki pana. Watoto walikuwa wakiona giza tu.

"Ni adabu yao. Mwalimu akikupa kitu uone, unasema umeona."

Akaanza kuweka akiba. Ilitosha darubini moja tu, na akikosea kuchagua, watoto wangebaki na giza lao mwaka mzima. Juzi alimshika Sally mkono wakaenda Bungoma kwa Bashir, anayeuza redio na kamera za mitumba karibu na msikiti.

Bashir alimtolea iliyo kubwa kuliko zote. "Hii inaona mpaka Lwakhakha, kule mpakani mwa Uganda, bana!"

"Lwakhakha nina nani? Mimi nataka ndege aliye hapa mbele yangu."

Alipoiinua, mikono yake ilitetemeka kwa uzito, na kila alichokitazama kikatetemeka pia. Akairudisha.

Ya pili aliielekeza kwenye mnara wa msikiti. Mnara mmoja ukawa miwili.

"Bashir, hii ilianguka."

"Si umepata msikiti wa pili bure!"

"Na utaswalisha wewe?"

Ya tatu ilikuwa ndogo, imechubuka rangi. Wilkista hakuipeleka machoni pake. Aliikunja, akamwekea Sally.

"Ati mtoto ndiye anachagua?"

"Wewe unaweza kununulia mtu viatu bila kuona mguu wake?"

Sally alitazama juu, mdomo wazi. Wilkista hakumwuliza kama anaona. Alimwuliza kuna nini kule.

"Kunguru," akasema Sally. "Ameshika mandazi."

Bashir alitoka nje, akakinga jua kwa kiganja, kisha akaichukua darubini akaangalia mwenyewe. "Wallahi, ni mandazi! Huyo ndiye mwizi wangu wa asubuhi." Akapunguza shilingi mia tatu bila kuombwa.

Sasa kumepambazuka, na darubini hiyo imefika kinamasini kwa mara ya kwanza. Watoto wamejipanga kwenye gogo lenye umande, wanasukumana na kunyamazishana. Wilkista ana mpango wa kutafuta nyingine tatu za kipimo hichohicho, kisha awaalike watoto wa Kabuchai, ambako korongo hupita juu ya miwa na hakuna anayeinua kichwa.

"Nataka mtoto aseme alichokiona," anasema, "si kile anachodhani nataka kusikia."

Matete yanatikisika. Korongo taji anatokea, shungi lake la dhahabu likishika jua. Wilkista anapiga magoti na kuikunja darubini ikae sawa usoni mwa binti yake.

"Haya, mama," ananong'ona. "Chini ya kidevu ana nini?"

Sally ameshikilia darubini kwa mikono miwili.

"Mama," anasema, "na yeye ananiangalia."