Video ya Theodora na Kerneli Mpya

Sostenes ni fundi redio na televisheni pale Iguguno, na kwa miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea.

Theodora, nesi wa zahanati moja upande wa Ulemo, alikuwa amewarekodi wanawake wakieleza kwa Kinyiramba dalili za hatari kwa mjamzito. Sostenes akafunga nyuma ya televisheni ya zahanati kompyuta ndogo, bodi moja tu isiyozidi kiganja, ya kuchezesha video hiyo. Wiki nzima ya majaribio ilicheza vizuri.

Siku moja kabla ya uzinduzi akaiwekea kerneli mpya, ile sehemu ya Linux inayoendesha vifaa. Alitaka ile rasmi inayotumika kwa kompyuta za kila aina, si ya zamani iliyokuja na bodi. Hakuijaribu.

Asubuhi kina mama wakajaa. Picha ikaganda, sauti ikatangulia. Bibi Agripina, mmoja wa waliorekodiwa, akabaki mdomo wazi kwenye kioo. Watu wakacheka.

"Fundi, kuna nini?" Theodora akauliza.

"Rekodi yako ni mbovu," Sostenes akajibu mbele ya wote. "Simu haikuchukua vizuri."

Theodora akainamisha kichwa, akazima televisheni.

Dukani Sostenes akasoma na kuthibitisha: kerneli ile mpya bado haikuwa na draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa kinachofungua video kwenye bodi yake, hivyo kazi yote iliielemea prosesa. Akarudisha ya zamani. Video ileile ikaenda bila kukwama. Rekodi ya Theodora haikuwa na kosa. Hata hivyo, siku tatu zikapita akijiambia ataenda zahanati kesho.

Alipofika, aliwakuta uani. Theodora ameshika simu ya kuazima, tayari kurekodi upya. Bibi Agripina yuko kwenye kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimetembea tena kutoka shambani. Theodora anasema mara ya kwanza alikosea yeye."

Sostenes akashindwa kumtazama. "Hakukosea. Niliharibu mimi, nikamsingizia."

Theodora akashusha simu. "Siku ile ulijua?"

"Nilihisi."

"Basi waambie na wao."

Siku ya kliniki akasimama mbele ya kina mama, akasema kosa lilikuwa lake. Hakuna aliyecheka, kicheko kingekuwa nafuu.

Video inacheza hadi leo. Lakini swichi ya televisheni ilipokufa mwezi uliofuata, Theodora alimwita fundi wa Singida mjini. Sostenes alisikia kwa wateja wake, akaendelea kulehemu redio bila kuinua macho.