Bi Vumbi na Nukta ya Pembeni
Kazini walimwita Bi Vumbi, na jina hilo alilipata kwa sifa, si kwa matusi. Kwa miaka kumi na tisa yeye na mumewe walikuwa na studio ya picha, na kazi yake ilikuwa kufuta madoa: chunusi ya bibi harusi, mkwaruzo wa filamu, punje ya vumbi iliyoganda kwenye kioo cha kamera. Simu za mkononi zilipoizika studio, akasikia ofisi moja inayowafanyia kazi watafiti wa nyota inatafuta watu wenye macho. Akaenda na macho yake mawili, cheti kingine hana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Darubini ya mlimani hupiga picha za anga maelfu kwa maelfu, na hakuna binadamu awezaye kuzimaliza. Kwa hiyo akili bandia ndiyo huzichambua. Lakini nayo haizaliwi inajua, sharti ifundishwe. Bi Vumbi na wenzake wanane waliketi mbele ya kompyuta wakiionyesha: nukta hii mpya ni nyota inayolipuka, ile ni uchafu tu. Na Bi Vumbi alikuwa moto wa kuotea mbali. Wenzake wakiwa picha ya mia mbili, yeye yuko mia nane. Siri yake aliitoa studio: doa likiwa ukingoni mwa picha usipoteze muda, ni vumbi hilo. Wakubwa wakafurahi, majibu yake yakafanywa kipimo, mashine na wafanyakazi wote wakapimwa kwayo. Mumewe akawatangazia majirani mpaka wakamchoka.

Basi Jumatatu moja akaletewa picha ya kuhakiki, ina nukta kwenye kona ya juu. Mashine ilishaandika: uchafu. Bi Vumbi akataka kupita, kidole kikagoma. Akafungua picha ya jana yake. Darubini ilikuwa imeelekezwa kando kidogo, kwa hiyo nyota zote zilikuwa zimesogea, na nukta ile imesogea pamoja nazo. Vumbi la kwenye kioo halifuati nyota. Akabonyeza: nyota.

Kompyuta ikaandika, "Hailingani na kipimo. Rudia."

Akarudia: nyota. Ikakataa tena. Mtu akikataliwa mara ya tatu kompyuta humfungia kiti, na anayefungiwa kiti hukusanya vitu vyake jioni hiyohiyo. Alishaona wawili wakitoka hivyo kwa kosa la kupingana na kipimo, yaani kupingana na yeye. Ndipo akaelewa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka mzima kila nyota iliyolipuka ukingoni mwa picha ilikuwa imetupwa jalalani kwa neno lake.

Watafiti hakuwajua hata kwa sura. Njia ya kuwafikia ilipita kwa msimamizi tu. Akaenda kwake.

"Bosi, mashine inakosea. Mimi ndiye niliyeifundisha vibaya. Nukta za pembeni si zote vumbi."

Msimamizi akainuka, akafunga mlango. "Mama, umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi liishie hapa. Ripoti ya usahihi tumeshaituma kila mahali. Tukisema leo kwamba kipimo ni kibovu, ofisi inafungwa, na wa kwanza kutoka ni wewe."

"Lakini hii ni ya zile zinazofifia upesi. Watafiti wasipoigeuzia darubini yao kubwa wiki hii, hakuna atakayeiona tena."

"Nyota ziko nyingi, mama yangu. Kazi je, ziko nyingi?"

Nyumbani alikuwapo mumewe, ambaye macho yake yameingia ukungu na hawezi tena kazi yoyote, na mshahara huu ndio chakula na ndio dawa. Akarudi kitini akiwa na hasira, na aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe. Akabonyeza: uchafu.

"Sahihi," kompyuta ikaandika.

Jioni mumewe akamuuliza kama kawaida yake, "Haya, fundi, leo umeziona ngapi?"

"Nyingi," akasema, akaingia jikoni.

Jumanne nukta ikarudi, imenywea. Uchafu. Sahihi. Jumatano ikarudi, nayo ilihitaji macho ya fundi kuiona. Alisogeza kiti nyuma, akautazama mlango wa msimamizi, akakisogeza tena mbele. Uchafu. Sahihi. Alhamisi aliikuza picha mara tatu kabla ya kuipata, akaiomba radhi kimoyomoyo, akabonyeza.

Ijumaa picha ilikuja kona ikiwa tupu. Akaikuza mpaka ukomo wa mashine, akafuta kioo kwa kanga, akatazama tena. Weusi mtupu. Akabonyeza: hakuna kitu.

"Sahihi," kompyuta ikaandika, na safari hii ilikuwa kweli. Bi Vumbi akalia palepale, mbele ya wenzake wote, nao wakamshauri apumzishe macho.