Mwanamke wa Kudungwa Sindano

Wanaosema amri za mkoloni zilieleweka hawakuwahi kupanga foleni dispensari ya Tororo. Mimi nilipanga, na kidonda changu cha mguu. Mbele yangu alisimama mwanamume mmoja, mtu mzima, shati limepigwa pasi, akijikunja mara kwa mara kwa maumivu ya kisonono.

"Mwanamke iko wapi?" dresa wa zamu, msaidizi wa daktari, akamuuliza. "Amri ni moja. Mwenye kisonono analeta mwanamke yake, wote wanadungwa. Bila mwanamke, hakuna dawa."

"Bwana dresa, mwanamke hapana. Mimi nalala na madereva ya lori pale Busia. Wananilipa. Nilete dereva?"

Foleni nzima ikashikwa na kikohozi. Dresa akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Nimesema mwanamke."

Niliporudi kubadilishwa bandeji, nilimkuta yule bwana na jirani yake wa Busia, mama muuza uji, aliyekubali kufuatana naye ili bwana huyo apate dawa. Wote wawili wakadungwa. Mama akajisugua palipodungwa, akauliza, "Kwani mimi naumwa nini?"

"Utapona," dresa akamjibu.

Nje, dereva mmoja alipunguza mwendo wa lori, akampungia yule bwana mkono, kisha akashika njia ya Busia, amejikunja juu ya usukani. Hakuna aliyemwita. Hakuwa mwanamke, kwa hiyo mbele ya serikali alikuwa mzima.