Boti ya Kumtosha Sellah Nakhungu

Sellah Nakhungu alikuwa fundi wa kushona nguo mjini Bungoma, na mwili aliojaliwa haukuwa wa kujificha nyuma ya mlango. Viti vya dukani alikuwa ameacha kununua zamani. Fundi seremala mmoja wa Kabuchai ndiye aliyemchongea kiti cha kukalia kwenye cherehani, kipana, kisicho na mikono, na miguu yake minene kama nguzo za ua. Mteja akija kupimwa akaanza kuona haya kwa ajili ya kiuno chake, Sellah alimwambia, "Simama wima, mama. Mimi hapa ni mita nne na nusu za kitambaa, na bado natembea." Basi mteja anacheka, tumbo linalegea, vipimo vinatoka vya kweli.

Mwaka wa 1991, wakati wa Pasaka, alikwenda Port Victoria kumtembelea dada yake, Edah, aliyeolewa kule. Asubuhi moja wakateremka ziwani. Sellah akaona watu wakivuka kwenda kisiwani, naye akatamani. Wenye mitumbwi wakakusanyika, wakaanza kushauriana mbele yake kama watu wanaopanga kuhamisha kabati. Mmoja alitaka abebwe peke yake, wengine wangoje safari ya pili. Mwingine akasema awekwe katikati, juu ya magunia, asisogee wala asicheke.

Asicheke! Hapo ndipo alipoudhika. Alipanda hivyo hivyo, akavuka magoti yakiwa yamemfikia kidevuni, na aliporudi alitembea siku tatu akiwa ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Nitanunua boti," akamwambia mumewe alipofika nyumbani.

Mumewe, Festus Mukhisa, alikuwa mwalimu aliyestaafu, mwembamba kama njiti ya kiberiti, mtu wa kofia, koti na gazeti la kila siku. Aliteremsha gazeti polepole.

"Boti? Hapa Bungoma? Utaipitisha wapi, kwenye mfereji wa soko?"

"Itakaa kwa Edah. Lakini iwe yangu. Iwe na kitanda cha kunitosha, jiko la chai, choo, na mahali pa kunyoosha miguu. Tutakuwa tunazunguka visiwa, mimi na wewe."

"Mimi na maji hatusalimiani, Mama Nyongesa."

"Mtasalimiana."

Mwezi wa nane, mteja mmoja kutoka Tongaren alileta habari akiwa anajaribu gauni. Nje ya mji wa Kitale kulikuwa na mzee wa Kizungu aliyelima mahindi huko miaka mingi. Sasa alikuwa anarudi kwao na kila kitu kilikuwa kinauzwa: trekta, ng'ombe, meza, hata boti mbili alizokuwa akizikokota mpaka Turkana kwenda kujistarehesha. Sellah alitoa pini mdomoni, akauliza njia.

Jumamosi iliyofuata, yeye na Festus walifika shambani kabla umande haujakauka. Walipokelewa na dalali aliyeitwa Kibiwott, kijana wa suti ya kijani na viatu vya ncha, mwenye maneno yanayotoka kama mahindi kwenye mashine ya kupukuchua. Aliwapeleka kwenye banda la mabati. Mbele kabisa, juu ya gari la kukokotwa, ilikaa boti nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, nyembamba, pua yake imechongoka.

"Mwalimu, ona mali!" Kibiwott akamwambia Festus. "Hii ikiona maji tu, inaruka. Ukipita, watu wanauliza, ni nani huyo bana?"

"Anayenunua ni mimi," Sellah akasema.

Kibiwott akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, na safari hiyo ya macho ilichukua muda. "Hakuna shida, mama. Wewe utakuwa unakaa hapo nyuma, unapumzika tu."

Sellah aliisogelea boti. Alifungua mkoba, akatoa tepi yake ya kupimia, ileile ya kazini, akaivuta kwenye mlango mdogo wa kuingilia chumba cha chini. Akasoma. Akajipima mwenyewe ubavuni, bila haya, mbele ya dalali. Akasoma tena.

"Mlango ni inchi kumi na tisa. Nikienda kiubavu ni kumi na nane na nusu, kama sijanywa chai. Gauni la namna hii mteja angenirudishia." Akaikunja tepi. "Lakini tangulia, unionyeshe ndani."

Kibiwott akapanda, akashuka ndani. Sellah akamfuata kiubavu, akapita, kisha akaketi kwenye ngazi, akauziba mlango wote. Banda lilikuwa la mabati na jua lilikuwa limeanza kazi. Mle ndani mlikuwa na joto la chungu kilichofunikwa.

"Nimenasa," akasema taratibu.

"Ati?"

"Nimenasa, mwanangu. Siendi mbele, sirudi nyuma."

Kibiwott alicheka kidogo, akangoja mama naye acheke. Hakucheka. Kijana akalisukuma bega la mama kwa adabu, kama anayegonga mlango wa mkubwa. Halikusogea. Akapaza sauti: "Mwalimu! Mama amekwama!"

Festus, aliyekuwa amepata ndoo ya kukalia na ukurasa wa michezo, hakuinua macho. Alikuwa ameishi na Sellah miaka thelathini na miwili. "Akisema amenasa, amenasa. Ngojeni apungue."

"Tutangoja," Sellah akakubali. "Si tuongee basi, tupitishe wakati. Hili zulia ni jipya sana. Liko juu ya nini?"

"Juu ya mbao, mama. Mbao safi."

"Mimi nashona, Kibiwott. Kiraka nakijua hata kikifunikwa na maua."

Jasho lilishuka kwenye paji la dalali, likaingia kwenye kola. Alifungua tai. Akafungua koti. Hatimaye akafungua na moyo. Mbao za chini zilikuwa zimeoza upande mmoja. Injini ilitolewa kwenye boti fulani kuukuu, na ilikuwa ikienda nyuma vizuri kuliko mbele.

"Na ile nyingine iliyofunikwa turubai kule kwenye kona?"

"Ile ni mbaya, mama. Sura yake utakataa."

"Hata mimi kuna waliokataa sura yangu. Kwa nini hukutuonyesha?"

Kibiwott akahema. "Mzee anaipenda ile. Amesema atamwuzia mwenyewe mtu atakayeitumia, ati dalali asiongeze juu. Sasa mimi nitakula nini?"

"Umesema vizuri," Sellah akasema. Akainuka, akageuka kiubavu, akatoka wima kama mtu anayetoka kanisani baada ya baraka. Kibiwott alibaki ndani akiwa ameshikilia tai yake, anautazama mlango uliokuwa wazi.

Festus alikunja gazeti. "Umepungua haraka."

Turubai ilipotolewa, kuku watatu waliruka nje wakilalamika. Boti ya pili ilikuwa pana, fupi, imepakwa rangi ya kahawia, na kwa mbali ungedhani ni ghala la mahindi lililolazwa chini. Ngazi zake zilikuwa na vikanyagio vya upana wa mguu mzima, na vishikio vya chuma kila upande. Sellah alivishika, akajivuta kwa nguvu zake zote kuona kama vitalegea. Havikulegea. Mlango alipita kifua mbele, mikono ikining'inia, hata tepi hakuitoa. Ndani alisimama bila kuinamisha kichwa. Alikaa kwenye benchi la meza, na meza haikumkata tumbo. Kisha aliingia chooni, akajifungia. Akakawia.

"Mama Nyongesa?" Festus akaita kwa wasiwasi.

"Baba Nyongesa!" sauti ikatoka humo, ya furaha tupu. "Magoti hayagusi mlango!"

Wafanyakazi wawili waliokuwa wakipita na magunia waliweka magunia chini wapate kucheka vizuri.

Mwishowe alilala kwenye kitanda kilichokuwa chini ya dirisha. Alijigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akainuka bila kumwomba mtu mkono, akalala tena. Tangu alipokuwa msichana, kila alipolala ugenini alilala nusu, sikio likisikiliza kama kitanda kinalia. Hiki hakikulia. Alikaa akitazama mabati kupitia dirishani, na Festus, aliyekuwa amechungulia akiwa na utani mdomoni, aliumeza utani wake akarudi kwenye ndoo.

Sellah alipotoka alikuta mwenye shamba amesimama na fimbo yake, mzee mwekundu, kaptula imefika magotini.

"Wewe nataka hii boti?" mzee akauliza kwa Kiswahili chake.

"Naitaka. Lakini nchi kavu kila boti ni hodari. Nataka kuiona majini."

"Hii boti hapana pinduka."

"Nitaamini nikiwa juu yake."

Mzee akampigia mluzi dereva wa trekta. Nyuma ya shamba palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Habari ilikimbia kuliko trekta. Boti ilipofika ukingoni, waliokuwa wakipalilia walikuwa wameacha majembe, na wanawake waliokuwa njiani kwenda sokoni walikuwa wamekaa nyasini na vikapu vyao. Ng'ombe walisogezwa.

Boti ikaingia majini, ikatulia. Sellah akapanda. Akatembea mpaka ukingo wa kulia, akasimama na uzito wake wote. Boti iliinama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu, ikarudi. Akaenda kushoto. Vilevile. Akaruka kidogo, mara mbili, na watu nyasini wakapiga makofi.

Kibiwott hakuvumilia. Biashara yake ilikuwa inazama huku boti yenyewe ikielea. "Si tulinganishe!" akapaza sauti. "Hata ile nyeupe iko sawa. Shida si boti. Shida, samahani mama, ni mpandaji!"

Nyeupe nayo ikaletwa, ikateremshwa, ikasimama kando ikicheza cheza kama mbuzi anayetaka kukimbia. Festus alikuwa hajapenda neno lile la mpandaji. Aliivuta kofia yake mbele, akaweka gazeti kwapani.

"Kijana, mimi nina kilo hamsini na nane. Nimepimwa zahanati juzi. Tuone sasa kama shida ni mpandaji."

"Baba Nyongesa, hujui kuogelea," Sellah akasema.

"Kupanda si kuogelea."

Aliweka mguu mmoja ukingoni. Boti nyeupe ilimwinamia kwa heshima, ikainama zaidi, ikainama kupita heshima, na mwalimu mstaafu akateremka bwawani na koti, viatu na ukurasa wa michezo. Maji yalimfikia kifuani, lakini yeye alipiga mikono kama yuko katikati ya ziwa. Kofia ilielea kwenda kwa ng'ombe.

Kicheko cha Sellah kilianzia magotini. Mwili mzima ulitikisika, na hapo tu ndipo boti pana ilipoyumba siku ile. Alipopata pumzi aliinama, akamshika mumewe kola ya koti kwa mkono mmoja, akamwinua kutoka majini na kumweka kwenye benchi.

"Karibu, Mwalimu."

Festus alitema maji. Aliligusa benchi, akalitazama upana wake, akamgeukia mzee aliyekuwa ukingoni. "Tunachukua hii," akasema kwa sauti ya darasani.

Walipatana bei na mzee mwenyewe, na Sellah akamwachia Kibiwott bahasha kwa ajili ya jasho lake. Alimwahidi pia suruali mpya, kwa sababu ile ya kijani ilikuwa imepasuka nyuma alipokuwa akijaribu kutokea dirishani mwa boti nyeupe, mlango ulipozibwa. Hakuna aliyekuwa ameuliza imepasukaje.

Boti ilisafiri juu ya lori. Ilipopita Bungoma mchana wa Jumatatu, soko lilisimama. "Nuhu amefika!" mmoja akaita. "Mama, mvua inakuja lini?" Sellah, aliyekaa kwenye benchi la boti juu ya lori akila mahindi ya kuchoma, aliwapungia mkono.

"Wembamba wapande kwanza," akajibu, "ndio watakaopeperushwa!"

Miaka iliyofuata, kila shule zilipofunga na maagizo ya sare kuisha, Sellah alifunga duka akaenda ziwani. Alijifunza usukani kwa mvuvi mmoja rafiki wa Edah. Akaweka mapazia. Akawaalika wanawake wa kwaya yao kutoka Myanga, wanane, wote wa mita nne kwenda juu, wakaimba kuzunguka kisiwa cha Mageta sauti zote, na sauti ya nne, ile nzito ya besi, ilisikika mpaka ng'ambo. Si kwamba mambo yote yalinyooka. Injini ilikuwa na hasira za asubuhi, na mara moja magugu ya ziwani yaliwafungia siku nzima mpaka wakavutwa kwa kamba. Festus aliendelea kuvaa jaketi la kuokolea hata akiwa anakula, lakini alikuwa amekuwa bingwa wa kukaanga samaki, na mtu asingeweza tena kumbakiza Bungoma.

Adhuhuri moja ya mwaka wa 1996 walikuwa wametia nanga karibu na kisiwa. Sellah alikuwa amekula, amejinyoosha kitandani, dirisha wazi. Mvuvi mmoja akapiga kasia akasogea, akatega sikio.

"Mzee," akamwambia Festus, "si umetia nanga? Mbona injini bado inanguruma?"

Festus alitazama chumba cha chini, ambamo usingizi ulikuwa umekolea. Akageuza samaki wake kikaangoni.

"Hiyo haizimwi na mtu," akasema. "Huzima yenyewe, saa tisa, ikitaka chai."