Pembe Mbili za Kanga

Bi Zeyana alikuwa na mazoea ya kufunga vitu vyake kwenye pembe za kanga. Pembe moja pipi za mjukuu wake Sumaiya, pembe ya pili vidonge vyake vya presha, maana akiviweka kabatini husahau kuvimeza. Tangu mumewe afariki, nyumba ile ya ghorofani Malindi ilikuwa na watu wawili tu: yeye na huyo mtoto wa miaka mitatu, aliyeachiwa na binti yake Fathiya anayefanya kazi hotelini Bwejuu, upande wa pili wa kisiwa.

Asubuhi hiyo aliitundika kanga akaingia kuoga. Alipotoka, Sumaiya alikuwa sakafuni, kanga mapajani, fundo limefunguliwa. Si lile la pipi.

"Umekula, mama?"

"Pipi chungu."

Jirani aliyesikia kilio cha bibi alimwambia asage mkaa wa jiko amnyweshe. Bi Zeyana hakungoja. Alimbeba mtoto mpaka hospitali, miguu mitupu.

Daktari aliuliza vidonge vingapi. Bi Zeyana alimfikiria Fathiya, akatamani kusema kimoja.

"Vyote," alisema. "Vilikuwa sita."

Muuguzi akakoroga kitu cheusi tititi kikombeni.

"Si mkaa huo?"

"Mkaa wa dawa, bibi. Wa jiko haufai. Huu unaikamata dawa tumboni isiingie kwenye damu. Umemuwahisha, ndiyo maana tunampa. Lakini atalala hapa tumwangalie."

Sumaiya akakaza meno.

"Kunywa, nitakupa hadithi," bibi alimbembeleza.

"Kunywa wewe."

Mwishowe alikunywa, funda kwa funda, kidevu cheusi kama chungu, na mkaa mwingine akamtapikia bibi yake kwenye kanga.

Siku ya pili mtoto aliruhusiwa. Fathiya alikwisha kufika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akainama kumvisha mtoto viatu. "Sikulaumu, mama. Lakini nnamchukua. Atakaa kwa wifi yangu Bwejuu."

"Nitaviweka juu ya kabati."

"Nnajua, mama."



Nyumbani Bi Zeyana aliifua kanga mara mbili, weusi ukabaki. Vidonge akavipandisha juu ya kabati, pale asipoweza kuvifikia mtoto ambaye hayupo. Ilipokauka kanga, akazigawa mafungu mawili pipi zilizobaki, akafunga pembe moja, akafunga na ya pili. Akajitanda, akakaa sebuleni, mkono juu ya fundo.