Maji Miguuni pa Abiria

Kuna wanawake wanaogombana na waume zao kwa sababu ya mawifi. Mimi na wangu, msimu ule wa mvua, tuligombania maji. Si ya bomba; ya ndani ya gari.

Gari lenyewe ni la mizigo, la kizamani, na ndilo linalotulisha. Tunakodisha viti na maturubai kwa harusi, kwa matanga, kwa siku za kutoa mahari. Hata wale wa Kiriri, kule kilimani, wenye majumba makubwa huja kuchukua viti vyetu, maana Bujumbura ukialika watu kumi unajua ni familia kumi. Mume wangu aliliendesha tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Kisha sukari ikampanda, ikashuka, ikapanda tena, mwishowe ikamshika macho. Daktari alipomkataza kuendesha, alinikabidhi ufunguo bila kunitazama, akazunguka kwenda kukaa upande wa abiria. Leseni nilikuwa nayo siku nyingi, lakini asubuhi hiyo nusu ya mtaa wetu wa Buyenzi ilitoka nje kunitazama ninavyotoa gari uwanjani. Nikawatazama na mimi.

Nilimzoea upesi pale pembeni. Alinisimamia kila kona: "We, unaua gia!" Nami nilimwambia abiria asiyelipa nauli hana ruhusa ya kusema. Lakini tukifika kwa wenye sherehe, yeye ndiye alikuwa anashuka kwanza, anasalimia, anauliza kama wazee wa upande wa bibi harusi watakaa kulia au kushoto. Kwa hatua chache za pale mlangoni macho yalimtosha. Mimi nilikuwa naachiwa usukani tu, na sikuona ubaya.

Mvua zilipoanza kunyesha, maji nayo yakaanza. Gari likiwa limesimama uwanjani kwetu, ndani kukavu. Unapanda nalo Kiriri, kukavu. Ukishusha viti na kuanza kuteremka, mara ya kwanza tu kukanyaga breki, maji yanamwagika kutoka chini ya dashibodi, mwaa, juu ya miguu ya mzee wangu, utadhani kuna mtu amejificha humo na beseni.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kero. Kwake ilikuwa hatari, kwa sababu alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kilichokataa kupona. Muuguzi alitwambia wazi kwamba miguu hii lazima ikae mikavu, la sivyo tutaanza kuzungumza mambo mengine, na akakitazama kile kidole kwa namna ambayo sote wawili tuliyaelewa hayo mambo mengine. Mzee akanunua buti za mpira. Sasa miguu ikatota kwa jasho badala ya mvua, na muuguzi alipomvua zile buti alitugombeza kama watoto wa shule. Basi mume wangu akabaki nyumbani.

Fundi jirani yetu alilitazama gari mara moja, akasema ni mpira wa kioo cha mbele. Akapaka silikoni kuuzunguka wote, nyingi, mpaka kioo kikawa kama keki ya harusi. Akamwaga maji ndoo nzima mbele yetu, pale pale uwanjani, na ndani halikuingia tone. Alijisifu, tukamshukuru. Siku iliyofuata nilishuka Kiriri, nikakanyaga breki, mwaa.

"Haikukuwa inavuya wakati mi nilikuwa naendesha," mume wangu aliniambia jioni hiyo.

"Mara ya mwisho uliendesha kiangazi, baba watoto. Kiangazi hata kikapu hakivuji."

Zamani angenijibu, na ningemjibu, na majirani wangepata la kusikiliza. Safari hii aliinuka akatoka nje. Ndivyo alivyokuwa siku zile. Nilikuwa nikirudi namkuta nyuma ya nyumba kwenye kiti chetu kimoja cha plastiki, redio mapajani, haijawashwa. Haulizi wenye sherehe walikuwa wangapi, haulizi gia. Binti yetu alipokuja kututembelea akasema gari limezeeka, tuliuze tu, mama apumzike. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkatalia, nikamsikia mzee nyuma yangu: "Muliuze."

Nakwambia kweli, neno hilo lilinitisha kuliko kile kidole. Mtu aliyekuwa akilala na ufunguo wa gari chini ya mto, anasema muliuze kama anayesema mufunge dirisha. Niliona jinsi atakavyoondoka, kidogo kidogo, huku amekaa pale pale kitini. Nikakasirika. Mimi nikiogopa huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa.

Na ilikuwa katika hasira hizo, nikiwa nateremka peke yangu na kumtukana kila aliyewahi kutengeneza gari duniani, ndipo nilipoona upumbavu wetu. Maji yanatoka kwenye mteremko tu. Na sisi sote, fundi na silikoni yake, mzee na mimi, tulikuwa tunayatafuta uwanjani, mahali tambarare kama meza.

Nikangoja siku ya jua. Nikamwambia mume wangu kuna viti vya kupeleka Gihosha, na kwamba mgongo unaniuma, nahitaji mtu wa kuzungumza na wenyeji. Alikuja akinung'unika. Tuliposhusha viti, niliomba maji kwa mama mwenye nyumba, nikajaza madumu yetu, nikasogeza gari mpaka kwenye barabara ya pembeni inayoteremka sana. Nikaliacha hapo, pua chini, na mawe mbele ya matairi.

"Tunafanya nini?" akauliza.

"Tunatafuta maji. Pandisha miguu."

Akaikunja juu ya kiti kama aliyekaa msikitini, akapitisha mkono chini ya dashibodi, kiganja kikitazama juu. Nilipoinua dumu kumwaga juu ya paa, akapiga kelele.

"Apana! Anza chini, kwa mulango. Ukianza juu maji itaenda kila fasi, hatutajua kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza kunifokea tangu mvua zianze. Nilifurahi nikajifanya nimenuna. Nikamwaga kwenye mlango.

"Kavu. Panda."

Nikamwaga kwenye mpira wa kioo, kwenye ile keki ya fundi.

"Kavu. Panda tena... Apana, rudi. Mwaga pale chini ya kioo, kwenye ile plastiki ya matundu."

Kwenye gari kama letu, mvua ya kioo chote huingia katika matundu hayo, inapita kwenye mfereji wa bati uliojificha chini yake, halafu inatokea karibu na tairi na kudondoka barabarani. Nilimwaga, nikainama kutazama tairi. Hakikudondoka kitu. Nikamwaga tena. Niliyasikia maji yakijaa mle ndani polepole, yakipanda kuelekea dashibodi.

"Ndiyo hii!" alisema. "Inanimwangikia mukononi! Njia imefunga. Fungua plastiki."

Nikachukua turnevisi, nikazitoa skrubu, nikainua kifuniko. Mle ndani maji yalikuwa yametulia kama kwenye karai. Kulikuwa na majani machache, ya miti ya pale tulipolala kwenye foleni ya mafuta petroli ilipoadimika. Niliyaondoa, maji hayakuondoka. Nikaingiza vidole chini, kwenye tundu la kutolea maji, nikagusa kitu kigumu.

Kilikuwa kizibo. Mpira wa ndani wa tairi, umekatwa mviringo kwa uangalifu, ukavingirishwa kitambaa cha kaki, ukashindiliwa na gundi. Tundu la pili nalo lilikuwa na chake. Kaki ile niliifua mimi kwa miaka. Ni koti lake la kazi.

Nikakumbuka. Kiangazi kilichopita nilikuwa nakohoa vibaya. Tulikuwa na sherehe nyingi Kanyosha, na vumbi la kule liliingia kwenye kabini mpaka tukafanana na waliotoka kusaga unga. Usiku kifua kilikuwa kinanipigia filimbi. Jumapili moja mume wangu aliinama mbele ya gari tangu baada ya chakula mpaka magharibi, uso umekaribia kugusa bati kwa sababu macho yalikuwa yameshaanza kumsaliti. Alipomaliza akasema tu kwamba vumbi amelipatia dawa. Alikuwa ameziba kila tundu aliloweza kulipapasa. Na kweli vumbi lilipungua, nikalala. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya kwenye gari lile kwa mikono yake.

Nikavivuta. Maji yakaporomoka karibu na tairi kwa kishindo, yakateremka barabarani.

"Nini hiyo?" akauliza kutoka ndani.

Vizibo nilikuwa nimeshavitia mfukoni. "Majani," nikasema.

"Majani gani?"

"Ya kwenye foleni ya mafuta. Yalijaa humu, yameoza."

Nilimsikia akishuka. Akaja akipitisha kiganja kwenye bati, mlango, kisha bati la juu ya tairi, kisha mfereji, akaingiza kidole kwenye tundu. Kilikaa humo muda mrefu. Alipokitoa alikisugua na kidole gumba, taratibu, na mimi nikaiona ile gundi nyeusi nikatamani ardhi inimeze. Akaomba dumu. Akamwaga mwenyewe, kichwa amekiinamisha, akasikiliza maji yanavyoshuka yote bila kusitasita.

"Vumbi ikirudi," akasema, "kifua yako itafanya je?"

Nilikuwa nimejiandaa na uongo wa pili na hata wa tatu. Badala yake nilisimama pale Gihosha na turnevisi mkononi nikilia, mwanamke mzima, na wenye sherehe wakitutazama juu ya ukuta.

"Wache kulia, watu watasema nimekupiga," akasema, akanyoosha mkono. "Leta hizo vitu uliweka mufukoni. Mvua ikiisha tutazirudisha."

Nikampa. Alivikagua kwa vidole kimoja kimoja, akavikausha kwenye suruali, akavitia mfuko wa shati lake na kufunga kifungo. Halafu alifungua mlango wa abiria, akapanda, akaishusha miguu yake chini, yote miwili, na kuniuliza nasubiri nini.